Sifuri tano za mwisho: ujuzi wa kidijitali ofisini ni kitu gani hasa?

Mwaka juzi nilipigiwa simu na chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Shida yenyewe, niliambiwa, ni ndogo: "Mwalimu, Excel imetuharibia namba za wanachama, njoo utusaidie kuzirudisha." Nikapanda daladala nikijua nitamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Nilimkuta mhasibu msaidizi, binti wa miaka ishirini na kitu, amekaa mbele ya orodha ya wanachama mia nne na ushee. Safu ya namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ilikuwa imejaa vitu vya ajabu, 1.98E+19, 1.97E+19, mstari hadi mstari. Nikamwambia abofye mmoja. Juu ya ukurasa ikajitokeza namba nzima, tarakimu 20 kama inavyotakiwa, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano za mwisho zote zilikuwa sifuri. Akabofya wa pili: sifuri tano. Akashuka hadi mstari wa mia mbili, akabofya, akanitazama.

"Zinarudishwaje, mwalimu?"

Hazirudishwi. Excel ikipewa tarakimu tupu huamini imepewa kiasi, kama kilo za sangara au shilingi, na kwa kiasi hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo; zinazozidi huzigeuza sifuri. Kwa shilingi hakuna madhara, maana sijakutana na mtu Mwanza mwenye hela za tarakimu 15. Ila namba ya NIDA haina atakayeijumlisha na nyingine wala kutafuta wastani wake. Lile ni jina, limeandikwa tu kwa tarakimu. Kama safu ingegeuzwa kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, au namba zikaandikwa pamoja na vistari vyake, zingebaki salama. Kuigeuza baada ya kuhifadhi hakusaidii, kilichofutwa kimefutwa. Ndugu yake mdogo ni ile sifuri ya mwanzo ya namba ya simu: 0754 inageuka 754, kwa kuwa kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Hiyo unaweza kuirudishia mwenyewe. Hizi tano utazitoa wapi?

Tulizitoa stoo, kwenye viroba vya fomu za karatasi, na kazi ile ilituchukua siku mbili.

Naomba binti yule asieleweke vibaya. Hakuwa mzembe. Alikuwa na cheti cha kompyuta, cheti halali, na alikuwa akichapa haraka kuliko mimi. Alifundishwa kuweka rangi, kuchora mipaka ya jedwali, kujumlisha safu kwa kitufe kimoja. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mashine nayo ina maoni yake juu ya kile anachokiandika. Na kosa lake lina wenzake wakubwa: mwaka 2020 wataalamu wa vinasaba walilazimika kubadilisha majina rasmi ya jeni kadhaa, mojawapo ikiitwa MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Waliona ni rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kuibadilisha Excel.

Tangu siku ile nikisikia kwamba wafanyakazi wajengewe ujuzi wa kidijitali, nauliza: upi? Neno ni moja, ila limebeba vitu kadhaa ambavyo havifundishwi kwa namna moja, havizeeki kwa kasi moja, na wala havimilikiwi na watu wale wale.

Tuanze na mwenyewe anayetakiwa kujengewa. Mwaka 1959 Peter Drucker, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani na kuandika sana juu ya uongozi wa kazi, alianza kumwita "mfanyakazi wa maarifa": mtu ambaye kazi yake ni kupokea taarifa, kuzipima na kuzitoa zikiwa na maana zaidi ya zilivyoingia. Ukisimama Capri Point ukatazama mji huwezi kumwona, maana macho yanavutwa na mitumbwi na feri ya Kamanga. Lakini kila lori la dagaa linalotoka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, lina watu wa karatasi nyuma yake: aliyeandika uzito, aliyekata ushuru, mhasibu wa mnunuzi. Ongeza watunza kumbukumbu za wagonjwa Bugando, wahadhiri wa Nyegezi, maafisa ushirika wa pamba, walimu wakuu wa Ilemela wanaotakiwa kutuma takwimu za shule kabla ya saa kumi leo hii.

Hao ndio ofisi zao zimebadilika miguuni pao. Malipo ya serikali sasa ni kontroli namba, yaani namba ya kulipia inayotolewa na mfumo. Zabuni za umma zilihamia kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023, baada ya mfumo wa awali, TANePS. Mtumishi wa umma aliyezoea fomu za OPRAS za kupimwa utendaji sasa anajaza mfumo wa PEPMIS. Kila mfumo ulipokuja ulikuja na semina yake.

Na juu ya semina nina neno. Nimehudhuria nyingi, nimeendesha kadhaa, na sura yake haibadiliki: ukumbi wa hoteli, projekta, sambusa, mkufunzi anayesema "bofya hapa, halafu hapa, mko pamoja?", na ukumbi mzima unaitikia kuwa uko pamoja hata kama nusu yao bado wanatafuta nywila. Jioni kuna karatasi ya mahudhurio na posho. Jumatatu mtu anarudi kwenye ofisi yenye kompyuta moja kwa watu wanne, na hadi zamu yake ifike, vile vitufe vimeshasahaulika.

Vitufe sividharau. Asiyejua mahali pa kubofya hafiki popote. Tatizo ni kwamba vitufe ndivyo vinavyozeeka upesi kuliko vyote. Aliyeijua TANePS kwa vitufe tu, NeST ilipofika alianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliyekuwa anaelewa kwa nini zabuni hufungwa saa maalumu, kwa nini bei haionekani kabla ya kufunguliwa na nani ana ruhusa ya kufungua, alichokuwa akikitafuta kwenye mfumo mpya ni kitufe kilipohamia.

Kuna imani nyingine inayotupoteza njia: kwamba vijana wao wanajua, shida ni wazee. Simu ya mkononi, rafiki mkubwa wa kijana, imetengenezwa ili usihitaji kujua faili liko wapi. Picha unaipiga, unaiona. Hati unatumiwa, inafunguka palepale ndani ya WhatsApp. Kijana aliyekulia humo ukimkalisha mbele ya kompyuta ya ofisi ukamwambia ahifadhi taarifa kwenye folda ya Juni, atahifadhi, na kesho hajui aliiweka wapi. Atatafuta kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, na likishatoka kwenye orodha hiyo, kwake faili limepotea, wakati liko hapo hapo kwenye mashine.

Sasa mweke kando ya mama mmoja niliyefanya naye kazi kwenye masijala, chumba cha kutunzia majalada, ya ofisi moja ya umma, aliyebakiza miaka michache astaafu. Kipanya cha kompyuta alikishika kama anashika yai. Lakini kila barua iliyoingia ilipewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kila jalada lilikuwa na namba, na jalada likitoka kwenda kwa afisa liliandikwa kwenye daftari: limekwenda kwa nani, lini, kwa kazi gani. La siri halikulala na la wazi. Na jambo moja lilikuwa na jalada moja. Mkurugenzi akiuliza suala la kiwanja fulani limefikia wapi, haletewi majalada matano yanayofanana, kila moja na ukweli wake.

Linganisha na folda ya ofisi ya leo. RIPOTI_MWISHO. RIPOTI_MWISHO mpya. RIPOTI_MWISHO_kabisa. RIPOTI_MWISHO_kabisa_ya bosi. Zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kiambatisho. Ukimtumia mtu faili kwa barua pepe au WhatsApp umempa nakala, na yeye anasahihisha nakala yake, wewe yako, bosi ya kwake. Mkikutana mna ripoti tatu. Ukihifadhi faili mahali pamoja, kwenye wingu, ukamtumia kiungo, wote mnakuja kwenye jalada moja, na mfumo unaandika nani kagusa nini saa ngapi, kama lile daftari la mama. Wingu lenyewe halipo angani. Ni kompyuta za kampuni fulani, kwenye jengo lenye umeme usiokatika na viyoyozi, mara nyingi nje ya nchi, na wewe umemkabidhi mwenye nazo akutunzie.

Ukilieleza hivyo, mama wa masijala anaelewa kabla hujamaliza sentensi. Kijana mwenye simu anahitaji muda kidogo, kwa sababu hajawahi kuona jalada likipotea na mtu akaandikiwa barua ya kujieleza. Ndiyo maana nasema ofisi nyingi zina nusu ya ujuzi wa kidijitali tayari, imekaa kwenye vichwa vya watu zinaowaona wamepitwa na wakati.

Suala la nani aone nini nalo ni la masijala. Pita kwenye steshenari yoyote katikati ya mji siku za wiki uone. Foleni, mashine ya kutoa kopi inanguruma, na kila mteja anatuma kitu chake kwenye WhatsApp ya duka: CV, mkataba wa nyumba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kinachapishwa, analipa, anaondoka. Faili halijaondoka. Niliwahi kuruhusiwa nitafute hati yangu mwenyewe kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya mashine ya namna hiyo. Kabla sijaifikia nilipita kwenye vitambulisho, majibu ya maabara na barua ya talaka ya watu nisiowajua. Mwenye duka hakuwa na ubaya wowote. Hakuwa na masijala. Tatizo linakuwa zito pale ofisi yenyewe inapotuma orodha ya mishahara steshenari kwa sababu wino wa printa umeisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde, na kuishiwa wino si kisingizio.

Nywila nitaigusa kwa ufupi. Ofisi ambako nywila ya bosi anayo katibu muhtasi, na ya mhasibu imebandikwa chini ya kibodi, inaona inarahisisha kazi. Kwenye mfumo, atakayeidhinisha malipo kwa nywila hiyo ameidhinisha kwa jina la mwenye nywila. Ni saini yako na mhuri wako umeviacha mezani.

Nije kwenye kitu ninachokithamini kuliko vyote, na hapa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao, watu wa kusimama pale pale na kuhakiki uzito kabla ya hela kutoka. Vuguvugu hilo ndilo lililomwinua Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho kubwa lenye makao yake hapa Mwanza. Mizani ya mnunuzi ilikuwa mashine ya kisasa kwa wakati wake. Wakulima hawakuikataa. Waliikagua.

Kompyuta imetupunguzia tabia hiyo. Namba ikitoka kwenye kioo ikiwa imepangwa vizuri, tunaiamini. Oktoba 2020, katikati ya korona, mamlaka za afya za Uingereza ziligundua kwamba karibu watu 16,000 waliopimwa na kukutwa na virusi hawakuwa wameingia kwenye hesabu za kila siku. Taarifa zilikuwa zikipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, lenye kikomo cha mistari 65,536. Lilipojaa, iliyobaki ikaachwa nje kimya kimya. Hakuna kengele iliyolia. Mtu wa mizani angeuliza swali la kizamani tu: yaliyoingia ni mangapi, yaliyotoka ni mangapi, yanalingana? Mwenye duka la jumla anauliza hivyo kila jioni akifunga hesabu.

Swali hilo limekuwa na thamani zaidi tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 na akili mnemba kuingia ofisini bila kubisha hodi. Watu wananiuliza kama itawanyang'anya kazi. Jibu la hilo mimi sina, lakini inavyofanya kazi naweza kueleza. Imesomeshwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno linalofaa kufuata, kisha linalofuata hilo. Ndiyo maana inaandika kwa ufasaha. Ufasaha huo haujui ukweli ni upi. Mpe muhtasari wa kikao ulioandika wewe mwenyewe akupangie, atakusaidia sana. Muulize kifungu cha kanuni za uvuvi kinachohusu nyavu, anaweza kukupa kifungu chenye namba, aya na mwaka, kimepangika kweli kweli, na kisiwepo mahali popote. Kiswahili alichosomeshwa ni kidogo ukikilinganisha na Kiingereza, na Kiswahili cha mwaloni ni kidogo zaidi. Mambo ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyouzwa ghali kuliko mnofu wenyewe, kamuulize mchuuzi wa Kirumba. Na chochote unachombandikia humo kimeshatoka ofisini kwako.

Hapa ndipo naona mwenye uzoefu anafaidika kuliko mgeni wa kazi. Afisa aliyekaa mwaloni miaka kumi akisoma ripoti inayosema mtumbwi mmoja umeleta tani nane za sangara kwa usiku mmoja, anacheka kabla hajakagua. Anajua kuna mtu kaongeza sifuri mbili, au mashine imezibuni. Asiyewahi kuona mtumbwi ukishusha samaki ataipigia mhuri.

Basi mtu ajifunzeje? Nilichokiona kikifanya kazi ni kidogo na hakina sambusa. Saa moja kwa wiki, ofisini kwenu, juu ya kazi yenu yenyewe: ripoti ya mwezi huu, orodha hii hii ya wanachama. Kwanza mnatengeneza nakala ya faili, mnaiandikia jina la mazoezi, halafu watu wanaruhusiwa kuiharibu. Ruhusa hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wafanyakazi wengi wazima hawajifunzi kompyuta kwa sababu wanaogopa kuivunja mbele ya vijana, basi wanabaki kuita "njoo unisaidie" na kijana anafanya yeye, haraka, kwa mkono wake, na mzee hajaona kitu. Kanuni yangu darasani ni kwamba anayesaidia haruhusiwi kushika kipanya. Aeleze kwa mdomo.

Jingine ni kusoma kile kioo kinachosema. Ujumbe wa kosa ukitokea, wengi wetu tunaufunga kama tunavyofukuza nzi, maana uko kwa Kiingereza na umeandikwa kwa wekundu. Usomwe, kwa kamusi ikibidi. Mara nyingi unasema waziwazi: faili limefunguliwa na mtu mwingine, tarehe haikubaliki, nafasi imeisha. Nawashauri watu wawe na daftari la jumbe hizi na maana zake kwa Kiswahili chao. Likifika kurasa kumi, simu za kuniita zinapungua. Ni hasara kwangu, lakini ndiyo hivyo.

Miezi michache iliyopita nilipita kumsalimia yule mama wa masijala. Nikampa shikamoo yake, akanionyesha kiti. Kwenye kompyuta alikuwepo kijana wa mafunzo kwa vitendo, na ukutani juu yake kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa mama: namba ya jalada, kisha tarehe ikianza na mwaka, kisha mada. Kijana alikuwa anabadilisha majina ya barua zilizoskaniwa, moja baada ya nyingine, za miaka mitatu. Akageuka.

"Mama, kwani lazima tuanze na mwaka? Si sote tunaanza na siku?"

"Ukianza na siku, mwanangu, tarehe mosi Desemba itakaa mbele ya tarehe mbili Januari. Mashine haijui miezi, inapanga kama inavyosoma, kushoto kwenda kulia. Anza na mwaka uone."

Kijana akaandika 2023-01-02, akabonyeza. Faili likaruka juu ya orodha. Akalitazama kidogo, kisha akarudi kwenye yale majina arobaini aliyokwisha kuyaandika kwa mtindo wake, akaanza kuyafuta moja moja.